Joseph Henry na Sumaku ya Umeme

Joseph Henry alizaliwa katika mji wa Albany, Marekani, mwaka 1797. Wazazi wake walikuwa maskini, na babaye alikufa Joseph angali kijana. Alikaa kwa bibi yake kijijini Galway, akatumika dukani. Kisha akarudi Albany, akawekwa kwa fundi wa saa ili ajifunze kazi. Masomo hakuyajali sana, maana alipenda michezo ya kuigiza.

Alipopata umri wa miaka 16 alikiokota kitabu kilichoachwa na mpangaji mmoja nyumbani kwa mamaye. Kitabu kile kilieleza sababu za mambo ambayo kila mtu huyaona, kama jiwe litupwalo juu likaanguka. Alipokisoma akakata shauri kutafuta elimu. Mwaka 1819 akaingia shule ya Albany, na mwaka 1826 akawa mwalimu papo hapo.

Wakati ule watu walikwisha kujua ya kuwa chuma kilichozungushiwa waya wenye umeme hugeuka sumaku. Lakini waya wao ulikuwa mtupu, mizunguko ikatengwa isigusane, basi nguvu ikawa haba. Henry aliuvika waya hariri, akauzungusha mara nyingi, mzunguko juu ya mzunguko. Mwaka 1831 sumaku aliyokitengenezea chuo cha Yale iliinua ratli zaidi ya 2,000.

Mwaka 1832 alihamia Princeton. Huko alishika shida nyingine: umeme upitao katika waya mrefu hudhoofika. Henry hakuutaka umeme dhaifu ufanye kazi nzito. Aliutumia kuvuta kipande kidogo cha chuma tu, nacho kikafunga au kufungua njia ya umeme mwingine wenye nguvu uliokuwa karibu. Wanafunzi wake walishtuka sana, kwa kuwa aligusa waya akiwa mbali, na mara mzigo mkubwa ukaachwa na sumaku, ukaanguka kwa kishindo.

Chombo hicho mafundi hukiita rilei. Karne iliyofuata, katika mji wa Chicago, zilitengenezwa meza za mchezo wa gololi za chuma zenye rilei nyingi ndani. Sarafu ikitumbukia, rilei moja huvutwa, nayo hufunga swichi yake yenyewe ili isiachie. Ndipo mota huzunguka, na magurudumu yake yenye meno hufunga swichi moja baada ya moja kwa zamu: hesabu ya zamani hurudishwa sifuri, gololi hutolewa, kisha swichi ya mwisho hukata umeme na rilei ile huachia. Swichi moja ikichafuka, zamu yote husimama.

Henry hakuomba hati ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Samuel Morse alipofungua simu ya maandishi kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, alitumia sumaku za namna ya Henry, akapata mali na sifa. Tena mwaka 1855 Morse alichapa maneno makali ya kukana deni hilo. Henry, ambaye tangu 1846 alikuwa mkuu wa Smithsonian huko Washington, hakudai fedha. Aliliomba baraza lake lichunguze habari hizo, nalo likamwona mkweli.

Alikufa mwaka 1878. Mwaka 1893 wataalamu wa umeme waliokutana Chicago walikiita kipimo kimoja cha umeme kwa jina lake, henry.