Senda Berenson, mama wa basketi ya wanawake aliyeogopa mashindano

Kila mwaka mwezi wa tatu, msimu wa basketi ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani unapofikia ukingoni, waandishi wa michezo wa huko hupiga kura na kupanga timu 25 bora. Makocha na wachezaji huingojea orodha hiyo kwa hamu. Lakini mwalimu aliyewaanzishia wasichana wa vyuo mchezo huo hakupenda hata chuo kimoja kipambane na kingine.

Senda Berenson alizaliwa mwaka 1868 huko Lithuania, wakati huo sehemu ya dola ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa mtoto, wazazi wake walihamia Boston. Alikuwa dhaifu wa mwili, mgongo ukimsumbua. Mwaka 1890 alipelekwa kwenye chuo cha walimu wa mazoezi ya viungo bila kupenda, na mwanzoni hata dakika chache za mazoezi zilimshinda. Polepole mwili ukapata nguvu. Mwaka 1892 akaajiriwa kufundisha mazoezi katika Smith College, chuo cha wanawake mjini Northampton.

Hapo alisoma habari za mchezo mpya ambao James Naismith alikuwa ameubuni mwezi wa kumi na mbili 1891 mjini Springfield, si mbali na Northampton. Machi 1893 akawapambanisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Wanaume walikatazwa kuingia kutazama. Aliporusha mpira juu kuanzisha mchezo, mchezaji mmoja wa mwaka wa kwanza aliteguka bega papo hapo. Mchezo ukaendelea bila yeye, na mwaka wa pili wakashinda 5 kwa 4.

Berenson aliona kelele za ukumbi zinafurahisha, ila zinatisha pia. Aligawa kiwanja sehemu tatu, na mchezaji hakuruhusiwa kutoka sehemu yake. Alikataza kumpokonya mwenzako mpira mikononi, kuushika zaidi ya sekunde tatu, au kuudundisha zaidi ya mara tatu. Mwaka 1899 sheria hizo zikawa msingi wa kanuni rasmi za wanawake. Kwake basketi ilikuwa ya afya na ushirikiano. Uchu wa ushindi, aliamini, ungewaharibu wasichana. Wengine hawakumsubiri: tayari mwezi wa nne 1896, huko California, Stanford ilikuwa imekutana na Berkeley na kushinda 2 kwa 1.

Tusimhukumu haraka. Wakati ule hata madaktari walidai kukimbia kunamdhuru mwanamke, na bila tahadhari zake huenda wakuu wa vyuo wangefunga milango kabisa. Hata hivyo gharama ilikuwa kubwa. Wanawake wa vyuo walichezea viwanja vilivyogawanywa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Aliolewa mwaka 1911 na mwalimu mwenzake, Herbert Vaughan Abbott, akaondoka Smith. Alifariki mwaka 1954 huko Santa Barbara, California. Orodha ya kwanza ya timu bora za vyuo hakuiona: ilianza mwaka 1976, Mel Greenberg, mwandishi wa Philadelphia, akiwapigia simu makocha mmoja mmoja. Mwaka 1985 Berenson akawa kati ya wanawake wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la basketi, Springfield.

Kwetu Kongo, kuanzia Kinshasa hadi Lubumbashi, tuna sababu ya kufurahi kwamba hofu yake haikushinda. Mabinti wa Zaire, mabingwa wa Afrika mwaka 1994, walikwenda kwenye michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Marekani iliwachapa 107 kwa 47, nao wakamaliza wa 12 kati ya timu 12. Lakini walionekana. Mwaka uliofuata mmoja wao, Mwadi Mabika, alisajiliwa na Los Angeles Sparks, na akatwaa nayo ubingwa wa ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 2001 na 2002.