Rita Hayworth: Staa aliyebadilishwa jina, nywele na sura, akabaki anajitafuta

Ukimwona kwenye filamu ya Gilda ya mwaka 1946, huwezi kuamini kuwa yule mrembo alikuwa mtu wa aibu, asiyejiamini, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na kauli hata juu ya nywele zake.

Jina lake halisi ni Margarita Carmen Cansino. Alizaliwa Brooklyn, New York, Oktoba 17, 1918. Baba yake, Eduardo, alikuwa mcheza dansi kutoka Hispania. Mama yake, Volga Hayworth, alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Ireland na Uingereza.

Utoto hakuufaidi. Akiwa binti mdogo tu, baba yake alimpandisha jukwaani kucheza naye kwenye klabu za Tijuana, Mexico. Watu wengi walidhani ni mke wake.

Mwaka 1937, akiwa na miaka 18, aliolewa na Edward Judson, mfanyabiashara aliyemzidi umri zaidi ya mara mbili. Alitoka mkono wa baba, akaingia mkono wa mume. Judson ndiye aliyeamua avae nini, aonekane na nani na hela ziende wapi.

Studio ya Columbia nayo iliona ana Uhispania mwingi mno. Cansino likafutwa, likawekwa jina la ukoo wa mama, Hayworth. Nywele nyeusi zikatiwa rangi nyekundu. Zile za kwenye paji la uso zikaondolewa kwa umeme, kidogo kidogo, kazi yenye maumivu, ili paji lionekane pana.

Umaarufu ukaja kweli. Lakini kadiri watu walivyompenda Rita, ndivyo Margarita alivyozidi kupotea.

Alipoachana na Judson mwaka 1942, sehemu kubwa ya hela alizovuna iliondoka na mwanaume huyo. Akaolewa tena mara nne, akiwemo mwongozaji Orson Welles, ambaye naye alimkata nywele na kuzifanya za dhahabu kwa ajili ya filamu yake. Mume wa tatu alikuwa Prince Aly Khan, mtoto wa Aga Khan III, kiongozi wa Waismailia wenye wafuasi wengi Afrika Mashariki. Ndoa zote 5 zilivunjika.

Mwenyewe alilalamika kuwa wanaume walimpenda Gilda, halafu asubuhi wakamkuta yeye.

Ila kuna kitu alichokifanya kwa mkono wake. Alianzisha kampuni yake ya filamu, Beckworth, na mwaka 1948 ikatoka The Loves of Carmen. Humo alicheza kama mwanamke wa Hispania, na baba yake akasaidia kupanga dansi. Kile walichomfuta, alikirudisha mwenyewe kwenye skrini.

Alifariki New York, Mei 14, 1987, akiwa na miaka 68, baada ya kuugua Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu.