Pierre Louis, daktari aliyehesabu wagonjwa

Paris, miaka ya 1820: ukishikwa na homa kali, daktari alikutoa damu, akiamini utapona. Pierre Louis, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1787, alitaka hesabu kwanza. Alichunguza wagonjwa 77 wa nimonia. Kati ya 41 waliotolewa damu siku nne za kwanza, walikufa 18. Kati ya 36 waliotolewa baadaye, 9. Yaani asilimia 44 na 25.

Makundi yalikuwa madogo, kwa hiyo hesabu hiyo haikuthibitisha kwamba kuwahi kutoa damu ndiko kulikoua. Lakini sifa za tiba hiyo zilitiwa shaka. Louis alifariki mwaka 1872. Hadi leo, dawa hupimwa kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa.