Mjumbe Aliyeuawa Baitul Makdis: Maisha ya Count Folke Bernadotte

Tangu zamani za kale mataifa yamekuwa na desturi moja, katika vita na katika amani: mjumbe hauawi. Akija na neno tamu au neno chungu, husikizwa, kisha hurejea kwao salama. Wasomaji wetu waijua khabari ya Harith bin Umeir al-Azdi, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kupeleka barua Busra, akauawa njiani na Shurahbil bin Amri al-Ghassani. Wanavyuoni wa sira wamepokea kwamba kuuawa kwake ndiko kulikokuwa sababu ya jeshi la Muta, mwaka wa 8 wa Hijra. Leo twapenda kueleza maisha ya mjumbe mwengine, ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa nchi zetu, lakini aliuawa katika mji tunaoutukuza. Twataka tutazame jambo moja: katika zama hizi, damu ya mjumbe hudaiwa na nani?

Folke Bernadotte alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 2 Januari 1895. Babu yake alikuwa Mfalme Oscar wa Pili. Lakini baba yake alioa mke asiyekuwa wa ukoo wa kifalme, akapoteza haki ya kurithi kiti. Kwa hivyo Folke alikulia karibu na enzi bila ya kuwa na fungu ndani yake. Alisomea uaskari wa farasi, akamwoa Estelle Manville wa Marekani mwaka 1928, kisha akashughulika na vijana wa skauti na kazi za Msalaba Mwekundu.

Jina lake lilienea mwaka 1945, vita vikuu vilipokuwa vyakaribia kwisha. Alikuwa makamu wa mkuu wa Msalaba Mwekundu wa Uswidi, akaenda Ujerumani kuonana na Heinrich Himmler, yule aliyeyashika makambi ya mateso na mauaji. Kukaa meza moja na dhalimu kama yule si jambo jepesi, lakini alitaka roho za watu. Mabasi yaliyopakwa rangi nyeupe na alama ya msalaba mwekundu yakapita katikati ya vita, yakatoa wafungwa zaidi ya 15,000. Kwanza walikuwa watu wa Norway na Denmark. Baadaye wakatolewa wanawake wa mataifa mengi katika kambi ya Ravensbrück, na Mayahudi wakiwamo.

Tarehe 14 Mei 1948, siku ile ile dola ya Israeli ilipotangazwa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kupeleka msuluhishi Palestina. Siku sita baadaye alichaguliwa Bernadotte. Alifanya makao yake kisiwani Rhodes, akawa akiruka kwa ndege baina ya miji mikuu ya Waarabu na Tel Aviv. Tarehe 11 Juni silaha zikawekwa chini kwa wiki nne; vita viliporudi Julai, akazisimamisha tena. Mashauri yake ya kugawa nchi yalikataliwa na pande zote mbili, na hii ndiyo hali ya msuluhishi: kila upande humwona ameelemea kwengine. Aliwaendea wakimbizi wa Kiarabu, akaiona shida yao kwa macho yake. Katika ripoti yake ya tarehe 16 Septemba akashika neno kwamba wana haki ya kurejea majumbani mwao, na kwamba kuwanyima ni kuvunja uadilifu.

Kesho yake, Ijumaa tarehe 17 Septemba, alikuwa akipita na magari yake mtaa wa Katamon, Baitul Makdis. Magari yalikuwa na alama za Umoja wa Mataifa na za Msalaba Mwekundu, wala yeye hakuwa na silaha. Gari la jeep likawazibia njia. Watu wenye bunduki wakashuka, mmoja wao akapenyeza mtutu dirishani, akampiga risasi yeye na Kanali André Sérot, Mfaransa aliyekaa ubavuni mwake. Wote wawili wakafa. Bernadotte alikuwa na umri wa miaka 53.

Wauaji walikuwa wa kundi la siri la Kiyahudi liitwalo Lehi. Serikali ya Israeli iliulaani uuaji huo, ikalipiga kundi marufuku, na viongozi wake wawili wakahukumiwa kwa kuwa wanachama wa kundi la kigaidi; lakini mwaka 1949 walisamehewa. Kwa uuaji wenyewe hapana hata mtu mmoja aliyehukumiwa. Yitzhak Shamir, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa Lehi, alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo mwaka 1983.

Hapa ndipo sharia za mataifa zilipofikwa na mtihani. Desturi ilikuwa dola kumdaia raia wake, lakini Bernadotte aliuawa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, nao si dola. Je, una haki ya kudai? Baraza Kuu likaiuliza Mahakama ya Kimataifa iliyoko The Hague. Tarehe 11 Aprili 1949 Mahakama ikajibu kwamba haki hiyo unayo, hata juu ya dola ambayo bado si mwanachama. Mwaka 1950 Israeli ikalipa fidia ya dola 54,628. Baadaye zikaja ahadi nyengine: mapatano ya Vienna ya 1961, yanayoilazimu kila dola kumlinda balozi aliye kwake, na mapatano ya 1973, yanayoilazimu kila dola iliyoyakubali imshitaki anayetuhumiwa kumuua au kumdhuru mjumbe, au imtoe kwa dola nyengine imshitaki.

Ndugu zetu, ni wepesi kwetu kumsikitikia Bernadotte, kwani aliitetea haki ya wakimbizi wa Palestina. Lakini insafu haijulikani katika jambo jepesi. Tarehe 7 Agosti 1998, ambayo pia ilikuwa Ijumaa, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi wao walikuwa Wakenya: makarani, wapita njia, watu waliotoka asubuhi kutafuta riziki. Waliotenda hayo walijitia katika jina la dini yetu. Basi tukiililia damu ya Katamon na tukainyamazia damu ya Nairobi, tutakuwa twapima kwa pishi mbili, kubwa ya kupokelea na ndogo ya kutolea. Mjumbe ni amana ya nchi aliyoingia, akiwa twampenda aliyemtuma au twamchukia. Sharia zimeandikwa, nazo ni njema. Lakini mkataba haumshiki muuaji ikiwa majirani zake wamemfungia mlango wa siri.