Conrad Schlumberger: Mwalimu aliyeipima ardhi kwa umeme

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, wachimbaji wadogo wa dhahabu hufukiwa na udongo katika mashimo waliyoyachimba kwa kubahatisha. Wengine huonyeshwa pa kuchimba na mganga, wengine na mtu mwenye mashine inayolia. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwalimu mmoja wa fizikia huko Ufaransa alijiuliza: kilichoko chini kitajulikanaje kabla ya kupiga sululu? Mwalimu huyo ni Conrad Schlumberger.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1878 mjini Guebwiller, katika jimbo la Alsace. Jimbo hilo lilikuwa la Ufaransa, lakini Ujerumani ililitwaa mwaka 1871 baada ya vita. Baba yake, mzee Paul, alitoka katika ukoo wa wenye viwanda vya nguo, lakini hakutaka wanawe wasome chini ya utawala wa kigeni. Familia ikahamia Paris. Sisi tuliosomea ugenini tunawafahamu wazazi wa aina hiyo: nyumba na shamba vinaachwa, shule haiachwi.

Conrad alihitimu uhandisi wa migodi, na mwaka 1907 akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo cha Migodi cha Paris. Alijua kwamba madini mengi ya metali hupitisha umeme vizuri kuliko mawe yanayoyazunguka. Alijaza mchanga na mawe katika beseni kubwa la kuogea la shaba, akapitisha umeme, akapima. Mwaka 1912 alihamia uwanjani, Val-Richer huko Normandy, kwenye makazi ya familia. Alichomeka vyuma viwili ardhini, akaviunganisha kwa waya na chanzo cha umeme, kisha akapima volti sehemu mbalimbali na kuchora ramani. Mistari ya ramani ilipopinda, alijua chini kuna kitu tofauti.

Mwaka 1913, huko Bor nchini Serbia, alipima umeme unaozalishwa na mawe yenyewe, na akabaini shaba iliyofichika ardhini. Vita Kuu ya Kwanza ikasimamisha kazi, naye akaenda vitani kama ofisa wa mizinga.

Mwaka 1919 mzee Paul aliahidi kutoa hadi faranga 500,000 kwa Conrad na mdogo wake Marcel, kwa sharti kwamba maslahi ya sayansi yatangulie yale ya fedha. Mwaka 1923 Conrad aliacha kufundisha. Tarehe 5 Septemba 1927, vijana wake walishusha vifaa vya kupimia katika kisima cha mafuta huko Pechelbronn, katika Alsace ile ile ambayo familia iliihama. Tangu hapo wachimbaji wa mafuta duniani wakapata njia ya kuzitambua tabaka za mawe ndani ya kisima. Alifariki mjini Stockholm tarehe 9 Mei 1936, akiwa njiani kutoka Muungano wa Kisovieti.

Dhahabu inaingiaje hapa? Mwamba wenye gramu chache za dhahabu kwa tani moja hauwezi kutambulika kwa kupima umeme wa dhahabu hiyo. Kinachotafutwa ni vile vinavyoandamana nayo, kama salfaidi za chuma. Katika kitabu chake cha mwaka 1920, Conrad alieleza kwamba umeme ukikatwa, baadhi ya mawe hubakiza volti kwa muda mfupi. Kupima hali hiyo ni mojawapo ya njia zinazotumika leo kutafuta dhahabu. Huko Geita, Tanzania, ambako dhahabu imo katika miamba yenye chuma, vipimo vya sumaku husaidia.

Vipimo hivyo havitoshi peke yake. Huchukuliwa pia sampuli za udongo kwa mistari, kila moja na alama ya mahali ilipotoka, zikapimwa maabara kuona kama kuna dhahabu au arseniki, ambayo mara nyingi huandamana nayo. Pale ramani ya umeme na ile ya udongo zinapokubaliana, ndipo miamba huchorongwa. Na hata hapo pengine hutoka mawe matupu.

Basi kijana akija kuuziwa sehemu ya kuchimba Cibitoke au Muyinga, aulize kwanza: ramani iko wapi, udongo ulipimwa maabara gani, na nani alichoronga? Asipojibiwa, asishuke shimoni.