Mary Slessor na watoto aliowapokea

Wengi wetu tunalea watoto ambao hatukuwazaa. Tumkumbuke Mary Slessor, mzaliwa wa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1848, aliyeanza kazi ya kiwandani akiwa na miaka 11. Mwaka 1876 alifika Calabar, katika Nigeria ya leo. Huko, siku zile, watu waliwaogopa mapacha na kuwatupa porini. Mary aliwaokota akawalea.

Pacha mmoja wa kike alimpa jina la mdogo wake, Janie. Walikula chakula kimoja, wakaongea Kiefik, hata Uskoti alikwenda naye. Lakini hakumtenga na damu yake. Baba mzazi alimwogopa mtoto. Mary akamshika mkono, akamsogeza hadi akampakata. Tangu hapo baba alikuja kumwona, akimletea chakula.

Mary alifariki mwaka 1915, Janie akiwa karibu naye.

Nasi tuliopokea yatima na waliopotezana na wazazi njiani, tuwape sahani sawa na wa kwetu. Jamaa zao wakipatikana, tusiwafiche. Mtoto akijua atokako, hatatupenda kidogo.