Ben Hardy: fundi aliyejenga pikipiki za filimu, jina lake likaachwa

Kisangani, sehemu ya nyuma ndiyo inayolisha familia. Mwendesha toleka anafunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, mmotari anaongeza chuma cha mizigo, na fundi wa kuchomelea ndiye anayefanya kazi hiyo idumu. Abiria anamkumbuka dereva. Fundi nani anamuuliza? Ndivyo ilivyomtokea Benjamin Hardy, Mmarekani mweusi aliyejenga pikipiki zinazojulikana kuliko zote katika sinema.

Hardy alizaliwa mwaka 1921. Gereji yake ilikuwa kusini mwa jiji la Los Angeles, katika mitaa ya watu weusi, na wateja walimwita Benny. Alichukua Harley-Davidson nzito, akaifungua yote, akaijenga upya.

Harley za polisi zilitoka kiwandani zikiwa na mabati mapana ya kuzuia matope, mbele na nyuma. Mafundi wa kazi hii waliondoa kabisa lile la mbele. La nyuma walilikata, au waliweka jingine jembamba linalofuata mviringo wa tairi. Si urembo tu, uzito nao unapungua. Lakini si kila pikipiki inakubali. Harley kubwa za kabla ya 1958 hazikuwa na springi nyuma. Gurudumu halikupanda wala kushuka ndani ya fremu, kwa hiyo bati liliweza kukaribia tairi bila kuligusa. Ukifanya hivyo kwenye pikipiki yenye springi, shimo la kwanza tu tairi litakula bati, na barabara za Tshopo zinajulikana.

Kwa ajili ya filimu Easy Rider, iliyotoka 1969, zilinunuliwa Harley za zamani kwenye mnada wa polisi. Cliff Vaughs, mwanaharakati mweusi wa haki za raia, alisimamia muundo. Hardy akafanya kazi ya chuma. Zikatoka pikipiki 4: mbili za Peter Fonda, zenye tangi la rangi za bendera ya Marekani, na mbili za Dennis Hopper.

Filimu ilitengenezwa kwa chini ya dola 400 000, ikaingiza mamilioni. Fonda na Hopper wakawa watu wakubwa. Katika orodha ya majina mwishoni mwa filimu, Hardy hayumo, Vaughs hayumo. Kwa miaka mingi mashabiki wengi hawakujua kwamba pikipiki hizo zilitoka mikononi mwa watu weusi. Moja iliharibiwa wakati wa kupiga picha za mwisho, nyingine ziliibwa kabla filimu haijatoka.

Hardy alifariki mwaka 1994. Miaka 20 baadaye, pikipiki iliyosemekana kuwa ile iliyoharibiwa, ikiwa imetengenezwa upya, ilipigwa mnada kwa dola milioni 1,35, huku watu wakibishana kama ni yenyewe. Vaughs aliishi hadi 2016, akaeleza mwenyewe kazi hiyo ilivyofanyika na nani aliifanya.